Kanga Haizibi Baridi

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka 2004, Bi Mwatime alikuwa jikoni akinywa chai. Alivaa koti la mwanawe. Ndani ya koti kulikuwa na sweta mbili, na juu ya yote alijitanda kanga. Mikononi alivaa soksi.

"Mama, hizo ni soksi zangu za kazini," alisema mwanawe, Mselem.

"Zilikuwa," alisema Bi Mwatime, akamega hamri.

Alikuwa ameketi mbele ya oveni ya gesi. Mlango wa oveni ulikuwa wazi na moto ulikuwa unawaka ndani. Oveni hiyo haikuwa ikioka kitu. Ilikuwa ikimwoka Bi Mwatime, na hata hivyo alitetemeka.

Familia hii ilikaa Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Mselem aliendesha gari la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Mkewe, Yumna, alifanya kazi ya kutunza wazee. Sasa mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na kazini walimpunguzia siku. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, ya zamani, waliyoinunua kwa mkopo. Mselem aliwaambia watu wote msikitini kwamba ana nyumba. Hakuwaambia kwamba upepo nao unakaa humo humo.

Bi Mwatime alikuja kutoka Mombasa kwa kazi moja. Yumna hakuwa na mama; alifariki zamani. Kwa hiyo mama mkwe ndiye angemkanda mzazi kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, na kumlea mtoto mpaka arobaini itimie. Alileta sanduku zima la kanga za uzazi, doti kumi na mbili, zote mpya.

"Nimeamua," alisema Bi Mwatime. "Wapigie simu watu wa ndege. Narudi kwetu."

Yumna aliyekuwa akiosha vikombe aligeuka. "Mama, mtoto hata hajazaliwa."

"Ana akili. Huko aliko kuna joto. Akizaliwa humu, atataka kurudi alikotoka."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Bi Mwatime alimtazama mkwewe, akainamisha macho. "Mwanangu, sipendi kukuacha. Lakini kila nikiamka kichwa kinanigonga kama kinu. Mwilini baridi, kichwani nyundo. Humu ndani mna jicho la mtu. Mimi namshuku yule mke wa rafiki yako Riyadh. Alipokuja, aliisifia sana nyumba."

Mselem aliinama akafunga kamba za viatu. Alijua kwamba hita ya nyumba ilikuwa inakohoa kama mzee. Aliwahi kumwita fundi mmoja, na bei aliyotajiwa ilimfanya amshukuru fundi na kumsindikiza mpaka kwenye gari lake.

*

Jioni hiyo alikuja jirani yao, Celestine. Alikuwa muuguzi, mtu wa Kisii, na hakuwa na subira na watu wanaougua kwa kupenda. Alimkuta Yumna amejifunga blanketi kiunoni.

"Yumna, hii ni sebule ama ni friji?" aliuliza.

"Tumezoea, dada."

"Tumbo lako halijazoea. Sikiliza. Kuna mpango wa serikali wa kusaidia watu wenye kipato kidogo. Wanakuja nyumbani, wanapima, wanaziba matundu, wanaweka pamba juu ya dari ili joto lisitoroke. Hita ikiwa mbovu wanaitengeneza, na isipotengenezeka wanaweza kubadilisha. Mgonjwa wangu mmoja alifanyiwa mwaka jana. Hakuulizwa hata senti."

Mselem alitoka chumbani. "Sisi si maskini," alisema.

"Nani amesema?" alijibu Celestine. "Ni kipato. Wanaangalia mshahara wa nyumba nzima na idadi ya watu. Ukiwa chini ya kiwango chao, unastahili. Ukiwa juu, hustahili. Mimi nikienda watanifukuza."

"Kitu cha bure kina kamba mkiani; kesho mwenyewe anaivuta."

"Bwana Mselem, kwenye mshahara wako wanakata kodi?"

"Kila wiki."

"Wakikata, huwa unauliza kama kuna kamba?"

Mselem akaketi.

"Hizo ndizo pesa zenyewe," aliendelea Celestine. "Zinatoka serikali kuu, zinapitia jimboni, zinafika kwenye ofisi ya huduma za jamii hapa karibu. Si mkopo. Huzirudishi. Na wanawatanguliza wazee, walemavu, na nyumba zenye watoto wadogo. Ninyi mna mzee, na mtoto yuko njiani."

"Je, mpangaji anaruhusiwa?" aliuliza Yumna. "Kuna wenzangu kazini wamepanga."

"Anaruhusiwa, lakini mwenye nyumba lazima atie sahihi ya kukubali."

Bi Mwatime aliinua kidole chake kilichovaa soksi. "Mimi nasema hivi. Akija mtu akaitengeneza nyumba hii, nitakaa mpaka arobaini. Asipokuja, nipeni tiketi yangu. Mselem, chagua. Mama yako au upepo wako."

Kesho yake Mselem alikwenda ofisini. Alibeba kitambulisho, karatasi za mishahara yake na ya Yumna, na bili za umeme na gesi. Mama mmoja aitwaye Charlotte alimpa fomu na kumsaidia kuijaza. Mselem alimuuliza kuhusu karatasi za uhamiaji. Charlotte alizitazama za familia yake na kumwambia ziko sawa. Akasema kwamba kila mtu na aulize habari ya kibali chake pale pale ofisini, asiulize sokoni. Halafu akamwonya kwamba foleni huwa ndefu, lakini kwa sababu ya mzee na mjamzito, jina lake litapanda juu.

Wiki tatu zikapita. Bi Mwatime akaanza kupanga nguo zake ndani ya begi. Ndipo simu ikalia.

Mselem alisikiliza, akajibu kwa Kiingereza, kisha ghafla akajibu kwa Kiswahili. Alipoweka simu chini, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wanakuja?" aliuliza Yumna.

"Anakuja mpimaji. Jumamosi asubuhi."

"Alhamdulillahi. Mbona umenuna?"

"Anaitwa Patroba. Ni Mkenya."

"Si vizuri? Mama ataelewana naye."

"Ni vibaya sana," alisema Mselem. "Mzungu akiona nyumba yako, anaandika na kusahau. Mkenya akiona, mpaka Houston watajua."

*

Kwa watu wa kwao, mgeni haonyeshwi tundu. Mgeni huonyeshwa kiti kizuri, sahani nzuri na uso mzuri. Bi Mwatime alikuwa amelelewa hivyo, na Mselem alilelewa na Bi Mwatime. Basi Ijumaa jioni mama na mwana walianza kazi.

Walikunja magazeti wakayashindilia kwenye nyufa za madirisha. Waliyeyusha nta ya mishumaa wakaimimina juu yake. Chini ya mlango wa nyuma waliweka taulo iliyoviringishwa. Kwenye tundu kubwa nyuma ya kochi, mahali palipowahi kupita bomba zamani, magazeti hayakutosha.

"Leta kanga," alisema Bi Mwatime.

Yumna alisimama mlangoni. Aliona kanga zake za uzazi zikiingia ukutani moja baada ya nyingine. Ile ya zambarau iliingia kwenye dirisha la chumba cha kulala. Ile ya kijani ikaingia pembeni mwa mlango. Nyekundu, iliyo nzuri kuliko zote, ilisokomezwa nyuma ya kochi.

"Mama," alisema, "huyo mtu anakuja kutafuta matundu."

"Na sisi tunamwandalia nyumba."

"Lakini asipoyaona, atayazibaje?"

"Yumna, mgeni hapokewi kwa tambara bovu," alisema Mselem. "Atapima hita, ataona tunahitaji, basi. Si lazima aone kila kitu."

Yumna alikwenda kulala. Alikuwa amechoka kubishana na watu wawili wenye sauti moja.

Jumamosi alfajiri Bi Mwatime aliwasha oveni mpaka mwisho. Kisha akawasha udi kwenye chetezo cha makaa, na moshi ukajaa sebuleni. Saa tatu Patroba alipofika, nyumba ilinukia kama ya arusi na ilikuwa na joto kama tanuri la mkate.

Patroba alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Alibeba masanduku mawili. Kiunoni alining'iniza kidude kidogo cha manjano.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba, karibu ndani," alisema Bi Mwatime. "Pita uketi. Chai iko tayari."

Patroba alipita hatua mbili. Kidude kikaanza kulia. Kililia kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Kimechukia udi," alisema Bi Mwatime. "Wengine hawaupendi."

Patroba alikitazama kidude, na tabasamu lake likapotea. Alikwenda jikoni, akazima oveni. Akainua chetezo kwa kitambaa, akakitoa nje.

"Tokeni nje nyote, tafadhali. Sasa hivi. Mama mjamzito atangulie."

Walitoka. Patroba alivuta dirisha la sebuleni alifungue, halikufunguka. Alivuta tena. Nta ilipasuka na gazeti zima likaanguka miguuni pake. Alilitazama, akalisukuma kando kwa mguu. Akafungua milango yote miwili.

Nje kulikuwa na upepo mkali. Bi Mwatime alijikunja ndani ya koti.

"Mama," aliuliza Patroba, "kichwa huwa kinakuuma?"

"Kila asubuhi. Umejuaje?"

"Na ukitoka nje, kinatulia?"

"Kinatulia." Bi Mwatime alimtazama kwa heshima. "Wewe unapiga ramli?"

"Sipigi, mama. Gesi au makaa yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, hutoa hewa ya sumu. Inaitwa kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, ila kidude hiki huitambua. Kwanza kichwa huuma, unasikia kizunguzungu, unataka kutapika. Ikizidi, unalala na huamki. Na mtoto aliye tumboni huumia kabla ya mama yake. Oveni ni ya kupikia, si ya kuotea. Na makaa kazi yake ni nje."

Mselem aliweka mkono begani kwa mkewe. Hakuutoa.

"Kwa hiyo si jicho?" aliuliza Bi Mwatime polepole.

"Ni oveni."

"Na mimi mwezi mzima namlaumu mke wa Riyadh." Alifikiri kidogo. "Ingawa nyumba aliisifia sana."

*

Nyumba ilipokwisha kupata hewa safi, kidude kilinyamaza. Walirudi ndani. Patroba alifunga mlango wa nyuma, na Mselem akarudisha taulo na gazeti mahali pake kwa siri. Kisha Patroba akafunga kitambaa kikubwa kwenye mlango wa mbele. Katikati ya kitambaa aliweka feni kubwa.

"Feni hii inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje," alieleza. "Hewa nyingine lazima iingie kupitia kila tundu lililopo. Hapo ndipo najua nyumba inavuja wapi na kiasi gani. Na hicho kiasi ndicho ninachoandika. Nyumba isiyovuja hawaiwekei kitu. Kuna wengine kwenye foleni."

Mselem aliposikia hivyo alikohoa.

Feni ilinguruma. Patroba alisoma mashine yake, akakunja uso. Aliigonga kidogo kwa kidole. Akaisoma tena.

"Ajabu," alisema. "Nyumba ya mbao, ya umri huu, na haivuji sana. Bwana Mselem, hii ni bora kuliko yangu."

Mselem alijaribu kuhuzunika, lakini kifua chake kilitanuka chenyewe. "Tunajitahidi," alisema.

Yumna alimkanyaga mguu.

Wakati huo huo, nyuma ya kochi, kanga nyekundu ilianza kuvimba. Ilitoka ukutani kidogo kidogo, ikawa kama tumbo la miezi mitatu, kisha la miezi sita. Bi Mwatime aliiona. Aliinuka kwa utulivu, akapita nyuma ya kochi, akaegemea ukuta kwa mgongo.

Patroba alizunguka sebule nzima. Mwishoni akafika nyuma ya kochi.

"Mama, naomba nipime hapo."

"Hapa hapana kitu, baba. Nimepumzika tu."

"Si kuna kochi?"

"Kochi linaniumiza mgongo. Ukuta ni laini."

Upepo ulimsukuma kwa nyuma. Bi Mwatime alisukuma na yeye. Alikanyaga chini kwa nguvu, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Patroba alifungua kalamu. "Basi kama pote ni sawa, nitaandika kwamba nyumba haina haja ya kuzibwa. Oveni acheni kuotea. Nashukuru kwa chai."

Mselem alitazama sakafu. Ndipo Yumna akasogea mbele, mkono mmoja tumboni.

"Mama, sogea."

"Yumna, mgeni..."

"Mgeni ataondoka. Wewe nawe utaondoka na ndege yako. Mimi nikijifungua, nani atanikanda? Kanga?"

Bi Mwatime alimtazama Yumna, akalitazama tumbo. Kisha akasogea.

Kanga nyekundu ilichomoka ukutani kama risasi. Ilipaa juu ya kochi, ikampiga Patroba usoni na kumfunika kichwa chote. Tundu likaanza kupiga mluzi. Mluzi ule ukawa kama amri. Dirisha la chumbani likatema kanga ya zambarau. Nta ikakatika, magazeti yakaruka. Taulo ya mlango wa nyuma ikateleza peke yake mpaka katikati ya jikoni.

Patroba alijifunua. Aliinyoosha kanga, akasoma maandishi yake kwa sauti ile ya kanisani:

"SIRI YA NYUMBA AIJUAYE MWENYEWE."

Kisha mabega ya Patroba yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake.

"Mama yangu kule Bungoma," alisema, "mgeni akija, anaazima viti vya jirani. Siku moja jirani mwenyewe ndiye alikuwa mgeni. Alikalia kiti chake, akakisifu." Alijifuta machozi. "Bwana Mselem, daktari akija kutazama kidonda, unakipaka poda?"

"Nilidhani utasimulia watu," alisema Mselem kwa sauti ndogo.

"Habari za nyumba za watu hatuzitoi. Ndiyo sheria ya kazi. Na ninyi mmejitia kwenye hatari kubwa. Mkifunga nyufa zote huku oveni inawaka na hita ni mbovu, sumu haina pa kutokea. Kwanza moto urekebishwe, ndipo matundu yazibwe. Utaratibu ni huo."

Alitoa kichupa cha moshi cha kutafutia matundu. Alikibonyeza, kilikuwa kimekwisha.

Bi Mwatime alikwenda chumbani kwake. Alirudi na kijiti kimoja cha udi, kile chembamba kisicho na makaa, kinawaka ncha.

"Moshi wako hauna hata harufu," alisema. "Tumia huu."

Patroba alikubali. Walizunguka pamoja. Bi Mwatime alisogeza kijiti karibu na dirisha, na moshi ukarudishwa nyuma kwa nguvu.

"Tundu," alisema Patroba.

Alikisogeza kwenye soketi ya umeme. Moshi ukakimbia.

"Hata hapa?"

"Hata hapo, mama."

Baada ya dakika kumi Bi Mwatime hakumsubiri Patroba aseme. Alikwenda mbele na kijiti chake akitaja, "Tundu. Tundu. Hapa pazima. Tundu kubwa, andika." Patroba alimfuata nyuma akiandika. Mselem alivunjavunja nta kwa kisu na kung'oa magazeti. Yumna alikusanya kanga zake, akazikunja.

Patroba alipanda juu ya dari kwa ngazi. Alikuta vumbi, na kiota cha ndege aliyehama. Pamba haikuwapo. Kisha alipima hita. Bomba lake la kutoa moshi lilikuwa limepasuka, likimwaga sumu humo humo ndani.

"Msiiwashe tena," alisema. "Nitaandika kwamba ni ya haraka. Kwa sasa nitawapa king'ora cha gesi, na hita mbili za umeme kutoka ofisini. Ziwekeni mbali na mapazia na vitanda."

*

Mafundi walikuja wiki ya kwanza ya Januari. Walileta hita mpya. Walipuliza pamba nene juu ya dari. Waliziba nyufa za madirisha, wakaweka mipira kwenye kingo za milango. Tundu la nyuma ya kochi lilizibwa kwa dakika tano. Patroba alirudi na feni yake kupima upya, na safari hii mashine ilisema kweli bila msaada wa mgongo wa mtu.

Bi Mwatime alianza kuvua. Siku ya kwanza alivua koti. Siku ya pili alivua sweta moja. Siku ya tatu alimrudishia Mselem soksi zake, zikiwa na matobo ya vidole gumba.

Kichwa kilitulia. Alimpelekea mke wa Riyadh sahani ya mahamri, na hakumwambia kwa nini.

Mtoto alizaliwa mwisho wa Januari, usiku wa barafu. Alikuwa msichana, wakamwita Afnan. Nje miti iling'aa kwa barafu na magari yaliteleza. Ndani Yumna alikandwa kwa maji ya moto, akala uji wake wa pilipili manga, akalala amefunikwa kanga nyekundu. Bi Mwatime alimpakata mjukuu wake na kumwimbia maneno aliyoyatunga mwenyewe:

Mwenye tundu la ukuta, asifiche kwa pazia,
Baridi itamkuta, kitandani itangia,
Aende mbio kuleta, fundi wa kumzibia,
Haya haiwashi moto, na mwana hatatulia.

Arobaini ilipita, na tiketi haikutajwa. Bili ya gesi ilipungua. Kiangazi kilipofika, na jua la Texas likawa kali, pamba ile ile ya dari ilizuia joto lisiingie, na nyumba ikabaki baridi vizuri. Bi Mwatime alilalamika kwamba sasa ni baridi mno, akazidai soksi zake.

Mwaka uliofuata, jioni moja, Riyadh alimpigia simu Mselem. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Mselem, ile fomu uliyoniambia nimeijaza. Mpimaji anakuja kesho, tena ni yule Mkenya. Mke wangu anauliza, hivi kwenye zile nyufa tuweke nini ili..."

Mselem hakumwacha amalize. Alimpa mama yake simu.

"Riyadh, mwanangu," alisema Bi Mwatime, "msiweke kitu. Hata gazeti. Pikeni chai tu." Alimkabidhi Yumna mtoto, akanyoosha mkono kwenye kabati na kuchukua vijiti vyake vya udi. "Na mwambie mkeo nakuja asubuhi kuisifia nyumba."